Mikono Iliyokataa Kufunga Leso

Wanawake wa kanisa letu hapa Rongai wameniomba mara tatu nieleze jinsi nilivyougua viungo, na mara zote tatu nimeanza kusimulia nikaishia kuongea juu ya bei ya mbegu. Safari hii nimekaa mezani na kalamu nene, ile ninayoweza kuishika bila kuumia. Nitainuka mara nyingi, maana magoti yangu hayapendi kiti, lakini nitarudi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mume wangu, Barasa, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni ya Rongai. Tuliishi kwenye laini ya wafanyakazi, nyumba za udongo zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na jiko lake nje. Mimi nilifanya vibarua: kupalilia, kuvunja mahindi, kupukuchua. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa wakati wa kuvunja mahindi, tukamwita Nekesa, kama kwetu Bukusu tunavyomwita msichana wa majira ya mavuno.

Nekesa alikuwa na miezi mitatu, vumbi la kiangazi likiingia hadi ndani ya chumvi, nilipoamka asubuhi moja nikashindwa kukunja ngumi. Vidole vilikuwa vimevimba na kung'aa kama ngozi ya nyanya. Nilimwinamia mtoto nimweke mgongoni, nikazungusha leso, nikafika kwenye fundo. Vidole vikakataa. Nilijaribu tena. Nilijaribu kwa meno. Mwisho nilitoka nje na mtoto amening'inia begani nikamwita jirani yangu, Nyambura, aje anifungie.

"Ni yale mahindi," Nyambura alisema. "Umepukuchua gunia ngapi? Itaisha."

Haikuisha. Kutoka vidoleni ilihamia kwenye viwiko vya mikono, ikashuka magotini, ikaingia kwenye nyayo. Asubuhi nilitembea kama mtu anayekanyaga changarawe bila viatu, hata ndani ya nyumba. Kufika saa nne mwili ulilegea kidogo, nikajidanganya kwamba nimepona, nikainua debe la maji, na jioni nikalipa. Ugonjwa huu una tabia hiyo. Unakuachia kamba kidogo ili uivute mwenyewe.

Sikuweza kukaa. Watu hufikiri mgonjwa wa viungo hulala tu. Mimi nikikaa naumia, nikisimama naumia, nikitembea naumia pia lakini angalau naenda mahali. Kwa hiyo nilitembea. Nilizunguka nyumba, nikaenda hadi kwenye birika la ng'ombe, nikarudi, nikasahau nilichoendea. Barasa alikuwa akinitazama akila, halafu anaacha kula.

Mwanzoni mwa mvua nilimwangusha mtoto. Nilikuwa nimempakata mkono mmoja huku nikikoroga uji kwa mkono wa pili, na kiwiko kikaachia ghafla, bila kuniuliza. Nekesa aliteleza akaangukia ukingoni mwa jiko. Majivu yalikuwa ya moto. Aliungua kidogo nyuma ya mguu, pahali padogo kama sarafu. Alilia kwa muda mfupi tu, lakini mimi nilimlaza kitandani nisithubutu kumwinua tena hadi Barasa aliporudi kutoka kwenye zizi. Hakunigombeza. Jioni hiyohiyo alimwendea karani wa shamba akaandikiwa barua kwa mama yake.

Mama mkwe alishuka kwenye treni ya kutoka Broderick Falls, ambako siku hizi panaitwa Webuye, akiwa na kuku wawili na mwavuli mweusi. Alikuwa mjane, mwenye kulima mwenyewe, na hakupenda maneno mengi. Kabla ya kukaa alichukua mikono yangu akaigeuza juu na chini kama mtu anayekagua viazi.

"Imeanza lini?"

"Tangu mwezi wa pili, Mama."

"Na mtoto amekuangukia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja unayoijua."

Alikaa kwetu siku nne. Alinipikia, alinifulia, akaniosha miguu kwa maji ya moto ingawa sikumwomba. Siku ya nne alisema jambo alilokuwa amelibeba tangu nyumbani.

"Nitaenda na Nekesa."

Nilimtazama Barasa. Barasa alitazama mlango.

"Ananyonya, Mama," nilisema.

"Nina ng'ombe. Ana miezi sita, anaweza uji mwepesi. Hapa mwanangu yuko kwenye zizi tangu alfajiri. Nani atamshika mtoto? Jirani? Jirani ana wake."

"Mpaka lini?"

Sidhani alitaka kuniumiza. "Siku utakapoweza kumfunga mgongoni kwa mikono yako mwenyewe, njoo umchukue. Sitakuuliza swali."

Niliwasindikiza hadi Rongai ingawa magoti yalinikataza. Treni ilipoondoka nilianza kutembea sambamba nayo kandokando ya reli, si kwamba ningeifikia, ila miguu ilikataa kusimama. Barasa alinifuata nyuma bila kunishika.

Wanawake wenzangu, nitasema jambo ambalo wengine wataona si la kuandika. Maziwa yalijaa, matiti yakawa mawe. Ilibidi yakamuliwe, na vidole vyangu havikuweza kubana hata ukingo wa leso. Siku ya pili homa ilianza. Barasa, ambaye kila siku alikuwa akikamua ng'ombe ishirini, alikaa mbele yangu kwenye kigoda, hakujua aweke macho wapi. Kisha akasema, "Lete." Alinikamulia ndani ya kikombe cha bati, polepole, na machozi yalimdondoka kwenye mikono yake mwenyewe. Alifanya hivyo kwa siku tisa, hadi maziwa yalipokauka. Wakati mwingine watu huniuliza kwa nini sijawahi kumnenea mabaya mume wangu, hata nikiwa na haki. Ni kwa ajili ya siku hizo tisa.

Hospitali ya Waafrika ilikuwa Nakuru mjini. Barasa aliomba ruhusa kwa nyapara, tukapanda lori la maziwa. Tulifika kabla jua halijapanda, na baraza lilikuwa limeshajaa. Ulipewa kipande cha kadibodi chenye namba, ukakaa kwenye benchi, na mwenzako akiitwa wote mnahama nafasi moja kuelekea mlangoni. Mimi sikuweza kukaa. Nilikuwa natembea kutoka nguzo hadi nguzo, na kila nikirudi naogopa nafasi yangu imechukuliwa. Mzee mmoja mwenye bandeji kichwani aliona.

"Tembea tu, mama," aliniambia. "Mimi nakushikia." Akaweka kofia yake kwenye nafasi yangu, na kila tulipohama aliihamisha ile kofia. Alifanya hivyo hadi adhuhuri. Sikuwahi kumuona tena.

Dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa kijana wa Kisii mwenye miwani na haraka. Alibonyeza vidole vyangu kimoja kimoja. Daktari alipita, akanitazama, akasema maneno mawili, akaenda. Nilipewa tembe nyeupe, mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni.

"Kunywa ukiwa umekula," dresa alisema. "Usinywe na tumbo tupu. Kuna dawa nyingine unatumia nyumbani?"

"Hakuna," nilisema.

Na kweli siku hiyo hakukuwa na nyingine. Lakini nilikaa na neno hilo kinywani kwa miezi iliyofuata, kila nilipokwenda, hata lilipokuwa limegeuka uongo.

Tembe zilisaidia nusu. Maumivu yalirudi nyuma kama mbwa aliyefukuzwa, halafu yakakaa mlangoni. Masikio yakaanza kulia, ngiii, mchana kutwa. Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia vidole vilivimba upya, na kutoka kwa mama mkwe ikaja barua iliyoandikwa na mwalimu wa kule: Nekesa ameota jino, Nekesa anakaa mwenyewe. Niliisikiliza ikisomwa, nikaona siwezi kuridhika na nafuu ya nusu.

Nyambura ndiye aliyeniletea thabai, yale majani yanayowasha yanayomea kando ya mto. Alikuwa akiyashika kwa kitambaa, akayachemsha hadi yakaacha kuuma, akayaponda na viazi.

"Kula hii kila siku. Mama yangu alikuwa analia magoti, na hii ndio ilimwamsha."

"Ilichukua muda gani?"

"Wee Rispa, kwani hii ni treni? Kula tu."

Na Rongai dukani kulikuwa na Mama Kanti, mke wa Mhindi aliyetuuzia sukari na mafuta ya taa. Alikuwa mama mnene mwenye bangili, akikaa nyuma ya kaunta akichambua dengu. Aliniona nikishindwa kuokota chenji juu ya mbao. Aliweka sinia chini.

"Kuja hapa, mama. Onyesha mkono." Aliutazama akatikisa kichwa. "Mama yangu alikuwa namna hii hii. Ngoja." Alirudi na manjano yaliyosagwa ndani ya karatasi, na kipande cha tangawizi. "Hii, tia ndani ya maziwa moto. Tia pilipili manga kidogo, samli kidogo. Kunywa jioni. Lakini sikia, si leo kunywa kesho kucheza ngoma. Miezi. Wewe iko na uvumilivu?"

"Iko," nilijibu. Nilimdanganya na yeye pia.

Uvumilivu sikuwa nao hata wa kungoja maji yachemke. Asubuhi nilikula thabai, jioni nilikunywa manjano. Nilitafuna tangawizi mbichi hadi ulimi ukafa ganzi. Mtu mmoja alikuja sokoni na sanduku la chupa, akasema ana mizizi iliyochemshwa kutoka mbali, inayofukuza ugonjwa wa mifupa kwa wiki mbili. Wiki mbili! Nilinunua chupa nikaificha nyuma ya gunia la posho. Iliponipa nafuu ya ajabu siku tatu za kwanza nilinunua ya pili. Na tembe za hospitali, badala ya mbili nikawa nameza nne, mara nyingi bila kula, kwa sababu kichefuchefu kilikuwa kimeniondolea hamu ya chakula. Kila asubuhi nilijaribu fundo la leso kabla ya kusema hata neno moja. Siku lilipokubali nilicheka peke yangu. Siku lilipokataa niliongeza dozi.

Mwezi wa nane nilianza kuona choo changu kimekuwa cheusi kama lami. Sikumwambia mtu. Siku moja asubuhi, Barasa akinipa chai, nilitapika damu miguuni pake.

Sikumbuki sana lori. Nakumbuka dresa yule wa miwani akiinama, uso wake karibu na wangu.

"Ulikuwa unakunywa nini?"

Barasa alikuwa ameleta zile chupa mbili. Alizipata alipokuwa akitafuta nguo za kunivalisha. Aliziweka mezani bila kunitazama. Dresa alizifungua, akazinusa, akamwonyesha daktari. Hakuna aliyejua kilichokuwa ndani, na hadi leo sijui. Dresa hakunigombeza. Alisema tu, "Mimi nilikuuliza, mama. Nilikuuliza kila mara."

Nililala wodini majuma mawili, na hayo ndiyo yaliyokuwa magumu kuliko yote, kwa sababu ilinibidi nitulie. Kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha. Wakati wa kuja kutazama wagonjwa Barasa alifika Jumapili ya kwanza, akakaa, akashikilia kofia.

"Ungekufa," alisema.

"Nilitaka kupona haraka."

"Ungekufa, na mimi ningeenda kwa mama nimwambie nini? Nimwambie mtoto nini? Kwamba mama yako alikuwa na haraka?" Sauti yake ilipanda hadi mgonjwa wa jirani akageuka. "Kila mtu anakuambia pole pole. Mimi nimekuambia. Nyambura amekuambia. Wewe unasikia nani?"

Aliondoka kabla ya muda kwisha. Jumapili ya pili alirudi na ndizi mbivu, hatukuzungumza juu ya jambo lile tena.

Niliporudi kwenye laini nilikuta mlango wa Nyambura umefungwa kwa waya. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na malori yalikuwa yamekuja kuwachukua Wakikuyu wote wa shamba lile kuwarudisha kwao, na nusu yao kwao ni hapohapo walipozaliwa. Walipewa muda wa kufunga mizigo tu. Mwanamke wa nyumba ya tatu alinikabidhi mkebe. Ndani kulikuwa na thabai kavu, iliyosagwa laini. "Alisema ni ya uji. Kijiko kimoja," mwanamke alisema. "Alirudia mara mbili: kimoja." Nilikaa kizingitini pake na mkebe mapajani. Sijawahi kujua Nyambura alifika wapi. Nimeuliza sana.

Kuanzia hapo nilibadilika, si kwa hekima, ila kwa woga. Nilimwambia dresa kila kitu, hata majina ya majani. Alishangaa kwamba sikuona haya. Aliniambia niache chupa kabisa, tembe nipunguze na nisimeze kamwe bila chakula. "Haya ya jikoni," alisema, "manjano, tangawizi, hizo mboga, sikukatazi. Lakini jaribu moja, mwezi mzima, ujue linafanya nini. Ukianza vitu vinne siku moja, kikikuponya hutakijua, kikikuua hutakijua."

Nilichora ukutani kwa makaa. Mwezi wa kwanza wa majaribio ulikuwa wa uji wa thabai, kijiko kimoja. Sikuona tofauti mikononi, lakini kizunguzungu nilichotoka nacho hospitali kilipungua, nikaanza kupanda kilima cha zizi bila kusimama. Mwezi wa pili niliongeza mafuta ya samaki waliyonipa kliniki. Yalinuka vibaya, yakanipa kucheua, sikuona kitu, nikaacha. Mwezi wa tatu wa majaribio, mahindi yakiwa yamekauka tena shambani, nilianza maziwa ya Mama Kanti na sikugusa kingine kipya. Wiki tatu hakuna. Nilitaka kuutupa ule unga mtoni. Wiki ya nne niliona kwamba asubuhi ule ugumu wa vidole, uliokuwa ukikaa hadi saa nne, unaondoka saa mbili na nusu. Niliangalia jua kwenye ukuta siku saba mfululizo kabla sijamwambia Barasa.

Kama ni manjano au ni wakati tu, siwezi kuapa. Mama Kanti alisema ni manjano. Dresa alisema labda. Mimi nasema uvimbe ulishuka na niliendelea kunywa, na mwenzangu mmoja hapa kanisani amekunywa mwaka mzima hakuona lolote. Usimpige mtu kichwa kwa dawa iliyokusaidia wewe.

Kitu kingine kilichonifaa si cha kunywa. Nilipasha pumba za ngano kwenye sufuria, nikazitia ndani ya mfuko wa unga, nikatumbukiza mikono humo kila asubuhi. Barasa alizipata kwenye stoo ya ng'ombe. Kisha, vidole vikiwa bado na joto, nilijifunza upya kufunga mzigo mgongoni. Nilichukua gunia dogo nikatia mahindi kiasi cha uzito wa mtoto wa miezi sita, kama nilivyomkumbuka. Wanawake wa laini walinicheka. "Mama Nekesa amejifungua gunia!" Nilicheka nao. Gunia liliniangukia mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kila lilipoanguka nilimshukuru Mungu kwamba ni mahindi.

Jioni moja nilipolichukua nililiona zito. Nilidhani nimechoka. Nikafungua nikaona mahindi yameongezeka. Barasa alikuwa amekaa nje akinoa panga, hakugeuka.

"Umetia wewe?"

"Atakuwa amekua," alisema.

Tangu siku hiyo, kila mwezi aliongeza konzi mbili.

Mvua ndefu zilipokaribia nilikwenda. Barasa hakupata ruhusa, nikapanda treni peke yangu, na nilisimama karibu njia nzima, nikitembea kwenye ujia wa behewa hadi mkagua tikiti akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilifika kwa mama mkwe asubuhi, umande bado uko juu ya migomba. Mtoto alikuwa uani akimfukuza bata kwa kijiti. Alikuwa na nywele. Alikuwa na meno. Aliniona akakimbilia nyuma ya sketi ya bibi yake akasema, "Kukhu," ndiyo bibi kwa lugha yetu, na akaanza kulia.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa hicho. Zaidi ya hayo, kwa baridi ya safari vidole vyangu siku hiyo vilikuwa vigumu kama kuni. Mama mkwe aliviona nilipopokea kikombe kwa viganja viwili.

"Bado," alisema.

"Bado kidogo, Mama."

Nilingoja anifukuze. Akasema, "Kaa. Hakuna anayekukimbiza."

Nilikaa majuma matatu. Mtoto alilala na bibi yake. Alichukua chakula mkononi mwangu kama kuku wa jirani, anadonoa anakimbia. Nilipasha pumba zangu asubuhi, nikanywa maziwa yangu jioni, na siku ya tano mama mkwe, akishuka kitandani kwa kushika ukuta, aliuliza bila kunitazama kama ile ya njano inafaa pia kwa nyonga. Kumbe na yeye. Alikuwa akimbeba mjukuu na nyonga ile kwa karibu mwaka, hakumwambia mtu. Tukawa tunakunywa wote wawili, vikombe viwili kando ya moto, nikamsimulia juu ya zile chupa na damu ili asije akafanya nilivyofanya mimi.

"Nilikutenda vibaya?" aliniuliza siku moja.

"Nilikuchukia, Mama," nilisema. "Lakini ningekuwa wewe ningemchukua."

Alikubali kwa kichwa, akaongeza kuni.

Nilimfunga Nekesa mgongoni siku ya kuondoka. Alijikaza, akapiga mateke, na mimi jasho lilinitoka. Mama mkwe alinyoosha mikono mara moja kunisaidia, kisha akairudisha, akaishika nyuma ya mgongo wake. Nilipomaliza alizunguka akalikagua fundo.

"Baya," alisema. "Lakini limeshika."

Ndugu zangu, ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Nekesa alimlilia Kukhu majuma sita. Aliniita "huyo." Alimpenda baba yake mara moja, kwa ajili ya ng'ombe, lakini kwangu alikuja akiwa na njaa tu. Nilimbeba, nilimwosha, nilimlisha, kama mtu aliyeajiriwa. Ndipo baridi ya mwezi wa saba ilirudi, na ugonjwa ukarudi nayo, kwani haujawahi kuondoka kabisa; hata leo vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda na havitanyooka. Nilishindwa kuamka. Sikuongeza dozi. Nilimeza nilichoambiwa, nikala kwanza, nikalala upande mmoja nikitazama ukuta wenye alama zangu za makaa, nikihofu kwamba barua nyingine itaandikwa.

Barasa alikuwa zizini. Nilisikia miguu midogo kwenye sakafu ya udongo. Nekesa alikuwa amesimama kando ya kitanda akiwa na kidole mdomoni, ananiangalia kwa muda mrefu, kama anayepima jambo. Halafu alishika blanketi, akapandisha goti, akateleza, akapandisha tena. Sikuweza kumsaidia. Akafika juu. Akaingiza nyayo zake baridi katikati ya magoti yangu yaliyovimba, akanisukuma kwa mgongo, na kwa lugha ya nyumbani akasema neno moja: sogea.

Nikasogea. Iliniuma hadi nikauma shuka. Akasema tena, nikasogea tena.